Pikipiki Isiyovaa Nguo: Je, Yamfaa Mwanagenzi na Gwiji Pia?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kurasa hizi zimezoea mashairi, ngano na uchambuzi wa methali, na mimi sina ugomvi na hayo. Ila mwaka huu nimemwomba mhariri nafasi kidogo nizungumzie chuma, petroli na cheni, yaani pikipiki. Kiswahili si lugha ya mahaba na harusi peke yake. Ikiwa twaweza kubishana kwa Kiswahili juu ya mpira, basi twaweza kueleza kwa Kiswahili jinsi injini inavyofanya kazi.

Ubishi wenyewe mnaujua. Vijana wakikusanyika baada ya michezo, wavulana na wasichana pia (msijifiche), hadithi ya pikipiki haikosi. Mmoja atasema pikipiki ni ile kubwa ya cc 1000, nyingine zote ni za kubeba maziwa. Wa pili atasema ati ukubwa ni sifa tu, pikipiki ni ile inayokuletea shilingi jioni. Wa tatu atanyamaza, kwa sababu nyumbani kwao kuna mtu aliyevunjika mguu.

Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niandike. Wengi wetu tukimaliza shule tutapanda pikipiki, ama kama waendeshaji ama kama abiria. Kuchagua chombo si jambo la kujionyesha tu, ni jambo la uhai. Nitaeleza aina moja ya pikipiki ambayo watu wa Ulaya na kwingineko huwapa wanaoanza, na ambayo hata magwiji hawaioni haya kuipanda. Mfano wangu ni Honda CB500F. Huku kwetu hutaiona kila kituo cha bodaboda, lakini ukiielewa hiyo, utaweza kuipima pikipiki nyingine yoyote utakayoletewa.

KWA NINI YAITWA UCHI?

Mwalimu asinikunjie uso. Jina hili sikulibuni mimi. Wapenda pikipiki duniani huita aina hii pikipiki iliyo uchi kwa sababu haina nguo, na nguo hapa ni lile joho la plastiki linalofunika injini na kumkinga dereva na upepo. Ukiitazama pikipiki ya mashindano, injini huioni. Ukiitazama CB500F, waona silinda, waona fremu, waona mabomba, hata rejeta inakuchungulia. Kila kiungo ki wazi, kama fundi aliyevua shati kazini.

Zamani karibu pikipiki zote zilikuwa hivyo. Honda CB750 ya mwaka wa 1969, iliyosifika sana kwa injini yake ya silinda nne, haikuwa na joho. Baadaye majoho yakaja, na kufikia miaka ya 1980 mtindo ukawa pikipiki zilizofunikwa kama za mashindano, mathalani Suzuki GSX-R750 ya mwaka wa 1985. Zilikuwa na kasi, lakini dereva alilazimika kuinama kama anayetafuta sindano mchangani. Watu wakachoka migongo. Mwaka wa 1993 Ducati ya Italia ikaanza kuuza Monster, pikipiki yenye nguvu lakini bila joho, nayo ikapendwa mno. Mwaka huo huo Honda ilitoa CB500 ya kwanza ya silinda mbili, cc 499, ambayo matarishi wa jijini London waliipanda mchana kutwa wakipeleka barua na vifurushi, na shule za udereva zikaifanya pikipiki ya kufundishia.

CB500F ninayoieleza ni mjukuu wa hiyo. Ilionyeshwa Milan mwishoni mwa mwaka wa 2012 na ikaanza kuuzwa mwaka wa 2013. Inaundwa Thailand. Ilizaliwa na ndugu wawili wenye injini ile ile: CBR500R iliyovaa joho, na CB500X iliyoinuliwa kwa safari ndefu. Kuanzia toleo la mwaka wa 2024, hii iliyo uchi imepewa jina la CB500 Hornet. Jina limebadilika, lakini moyo ni ule ule.

CC NI NINI HASA?

Kila mtu hutaja cc, lakini ukimwuliza ni nini, anakuna kichwa. Cc ni sentimita za ujazo. Ni nafasi ambayo pistoni huifagia ndani ya silinda inapotoka chini hadi juu. Hebu chukua kalamu, hii ni hesabu ya Kidato cha Pili.

Injini ya CB500F ina silinda mbili. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 67, na pistoni husafiri milimita 66.8. Nusu kipenyo ni sentimita 3.35. Eneo la duara ni 22/7 mara 3.35 mara 3.35, yaani sentimita za mraba 35.27. Zidisha kwa 6.68, upate 235.6. Silinda ni mbili, basi zidisha kwa mbili: 471 na ushei. Kumbe pikipiki inayoitwa 500 ni ya cc 471! Namba ya jina ni ya sokoni, namba ya hesabu ni ya kweli. Vivyo hivyo Boxer BM 150 tunayoiona kila kona ina cc 145 hivi, katika silinda moja.

Kwa nini silinda mbili badala ya moja? Silinda moja hupiga pigo moja zito, ndiyo maana bodaboda hutetema mikononi. Katika CB500F pistoni moja ikipanda, nyingine inashuka. Ni kama wasichana wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu juu, wa yule chini, na kazi haisimami. Mtetemo unapungua, na kilichobaki hupunguzwa na ekseli ndogo yenye uzito, iliyowekwa ndani ya injini kwa kazi hiyo.

Injini hiyo hupozwa kwa maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta. Haina kabureta, petroli hupulizwa na vifaa vinavyoongozwa na kompyuta ndogo. Hivyo ikiwaka asubuhi ya baridi kule Limuru ama mchana wa jua kule Voi, dereva hana haja ya kuvutavuta choki.

NGAZI YA KILOWATI 35

Sasa twaingia penye kiini. Injini ya CB500F hutoa nguvu za farasi 47, ambazo ni kilowati 35. Je, wahandisi wa Honda walishindwa kuongeza? La hasha! Ile CB500 ya mwaka wa 1993 ilikuwa na nguvu kuipita hii. Waliiwekea 35 kwa makusudi.

Sababu ni sheria. Kuanzia Januari 2013, nchi za Muungano wa Ulaya zilianza kutumia utaratibu mpya wa leseni za pikipiki, nao umejengwa kama ngazi. Kidato cha kwanza cha ngazi ni A1: kijana wa miaka 16 huruhusiwa pikipiki ya cc 125, isiyozidi kilowati 11. Cha pili ni A2: akifika miaka 18, pikipiki isiyozidi kilowati 35. Cha tatu ni A: akikaa miaka miwili kwenye A2 na kufuzu tena, huruhusiwa pikipiki yoyote. Asiyepitia A2 husubiri hadi miaka 24.

Hapo kwenye A2 kuna sharti la pili, na hili ndilo lenye busara zaidi. Nguvu igawanywe kwa uzito, na jibu lisizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo. Kwa nini? Kwa sababu nguvu peke yake haitishi. Lori lina nguvu nyingi, lakini haliruki. Kinachomrusha dereva ni nguvu nyingi kwenye uzito mdogo. CB500F, tangi likiwa limejaa, ina uzito wa kilo 190 hivi. Gawanya 35 kwa 190, upate 0.18. Imepita mtihani.

Hebu ilinganishe na ile ndoto ya kijana wetu wa kwanza. Honda CBR1000RR-R Fireblade ya mwaka wa 2020 ina kilowati 160 na uzito wa kilo 201. Gawanya: 0.8 kwa kila kilo. Uzito wao ni karibu sawa, lakini nguvu ni zaidi ya mara nne! Gia ya kwanza peke yake yaweza kukupitisha kilomita 100 kwa saa, na mjini sheria yetu yasema 50. Mtu anayejifunza akivuta mafuta kwa pupa kidogo tu, mkono ukateleza kwa sababu ya tuta, hapati nafasi ya kusema samahani.

Pikipiki ya kilowati 35 husamehe. Ukizidisha mafuta kidogo, inaongeza mwendo kidogo. Si kwamba ni kobe. Hasha! Nguvu za farasi 47 ni karibu mara nne ya zile 12 za Boxer 150, na barabarani hufika kilomita zaidi ya 160 kwa saa. Ila nguvu zake huja kama maji ya mto yanavyopanda, si kama bwawa lililopasuka.

YAMFAA VIPI MWANAGENZI?

Kwanza, kiti. Urefu wake kutoka ardhini ni milimita 785 hadi 790, kutegemea mwaka. Mtu wa kimo cha kawaida hukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Anayeanza huanguka zaidi akiwa amesimama ama akienda polepole, kwenye kona ya kugeuka ama kwenye foleni. Mguu ukifika chini, moyo unatulia.

Pili, mkao. Mpini ni mpana na umeinuka. Dereva hukaa wima, kichwa juu, akiona juu ya magari madogo. Mpini mpana humpa nguvu ya kuigeuza pikipiki bila kutoa jasho.

Tatu, klachi. Tangu mwaka wa 2019 CB500F ina klachi ya aina inayosaidia na kuteleza. Kusaidia maana yake kishikio chake ni chepesi, vidole havichoki kwenye msongamano. Kuteleza ndiko kuzuri zaidi. Mwanagenzi akishtuka, hushusha gia mbili kwa mpigo na kuachia klachi ghafla. Kwa pikipiki ya kawaida, injini hulivuta gurudumu la nyuma kwa nguvu hadi linarukaruka na kuteleza. Klachi hii, ikihisi mvuto huo, hulegea kidogo na kulipa gurudumu nafasi ya kushika barabara tena.

Nne, breki. Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kuna imani iliyoenea vituoni kwamba breki ya mbele ni ya kuangusha watu, kwa hiyo wengi hukanyaga ya nyuma tu. Imani hiyo ina chembe ya kweli na gunia la hatari. Pikipiki inapofunga breki, uzito mwingi huegemea mbele, kama abiria wa matatu wanavyoinamiana dereva akisimama ghafla. Gurudumu la mbele hugandamizwa barabarani na kushika vizuri, la nyuma huwa jepesi na kuteleza. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa kweli. Huangusha tu ikibanwa ghafla, ama kwenye mchanga, ama pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Ukiibana polepole kwanza, kisha ukaongeza, hukutii.

CB500F huisaidia kazi hiyo kwa breki isiyogandisha gurudumu, ile inayojulikana kwa herufi ABS. Kila gurudumu lina kifaa kinachohesabu mizunguko. Kompyuta ikiona gurudumu moja linakaribia kusimama na pikipiki ingali inakwenda, hulegeza breki na kuibana tena, mara nyingi kwa sekunde moja, upesi kuliko kidole cha binadamu. Dereva huhisi kishikio kikicheza tu. Ulaya imelazimisha kifaa hiki kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125: mitindo mipya tangu mwaka wa 2016, na zote mpya tangu 2017. Kuanzia toleo la 2022, sahani za breki za mbele ni mbili, za milimita 296 kila moja. Awali ilikuwa sahani moja ya milimita 320.

NA GWIJI JE?

Mtu atauliza: basi hiyo si ya watoto? Aliyeendesha miaka ishirini ataitaka ya nini?

Nijibu kwa mfano wa uwanjani. Mchezaji hodari hahitaji uwanja wa kilomita mbili ili aonyeshe ustadi, mita mia zinamtosha. Pikipiki ya nguvu nyingi, mjini na hata barabara kuu, hutumiwa robo yake tu; zilizobaki ni za kulipia bima na kujivunia. Hii ya wastani gwiji huitumia yote. Huzungusha injini hadi mizunguko 8,500 hivi kwa dakika, ambapo nguvu zote 47 hupatikana, hubadilisha gia sita kwa wakati wake, na huingia kona akijua kila kitu kinachotendeka chini yake. Kwa namna hiyo ustadi wake huongezeka badala ya kulala.

Isitoshe, kuna mfuko. Kwa vipimo vya kiwanda lita moja huenda kilomita 28 hivi. Tangi la matoleo ya kuanzia 2019 huchukua lita 17. Zidisha upate kilomita 476, na Nairobi hadi Mombasa ni karibu hivyo. Barabarani upepo, mlima na abiria vitakula sehemu yake, kwa hivyo usijaribu kufika Mombasa kwa tangi moja halafu unilaumu. Hata hivyo, mtu wa kwenda kazini kila siku ajua maana ya hesabu hiyo. Tairi zake pia ni nyembamba kuliko za pikipiki kubwa, na injini isiyosukumwa kupita kiasi hudumu.

Aidha, ikianguka, isiyo na joho haigharimu sana. Plastiki ya kupasuka ni chache. Labda kioo cha pembeni, indiketa na kishikio cha klachi. Fundi huifikia injini bila kufungua skrubu arobaini.

KASORO ZAKE

Anayesifu tu si mwandishi, ni dalali. Kasoro zipo.

Kwanza, aliye uchi hupigwa na upepo. Ukipita kilomita 110 kwa saa, kifua chako ndicho joho. Saa mbili za hivyo kwenye tambarare za Kapiti na shingo itakueleza mambo. Mvua nayo haina adabu.

Pili, ni ya lami. Magurudumu yake yote mawili ni ya inchi 17, na tairi ni za barabara laini. Kwenye murramu kavu utakwenda kwa uangalifu. Kwenye tope la mwezi wa nne utaisukuma, na kilo 190 si mzigo wa kusukuma huku ukicheka. Ndugu yake CB500X, ambaye tangu 2019 ana gurudumu la mbele la inchi 19, ana nafuu kidogo.

Tatu, haikuundwa kwa biashara ya bodaboda. Kiti cha abiria ni kifupi, hakuna keria ya kreti za soda, vipuri vyake havipatikani kila soko, na bei ni ya kufikiriwa mara tatu. Mwenye nia ya kutafuta riziki, Boxer na wenzake wameundwa kwa kazi hiyo. Mchagua jembe si mkulima, lakini hata mkulima halimi kwa sindano.

Nne, nayo yaua. Nisipotaja hilo nitakuwa nimewadanganya. Kusamehe makosa madogo si kusamehe makosa yote.

HESABU YA KUSIMAMA

Turudi kwa kalamu. Dereva aonapo mtoto akivuka, hupita sekunde moja hivi kabla mkono haujabana breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyo ni mita 14. Kisha breki huanza. Tuseme lami ni kavu, tairi ni nzima, na breki hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Itachukua mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28.

Sasa ongeza mwendo mara mbili, uwe 100. Sekunde ya kushtuka ni mita 28. Lakini umbali wa breki hauongezeki mara mbili, huongezeka mara nne! Mwalimu wa Fizikia alitufundisha kwamba nguvu ya mwendo hutegemea kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo ni mita 55. Jumla ni 83. Huo ni karibu urefu wa uwanja wetu wa mpira. Yule aliyekuwa akienda 50 amekwisha simama na anamkaripia mtoto. Yule wa 100, mita 28 zikiisha, ndiyo kwanza anagusa breki.

Hesabu hii haina heshima kwa mtu. Haijui kama pikipiki ni ya cc 100 ama cc 1000, mpya ama kuukuu. Kifaa cha ABS huzuia gurudumu lisiteleze, lakini hakifuti kipeo cha pili. Kilichobaki ni mkono wa dereva.

NGAZI YETU I WAPI?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Vijana wa Ulaya wamejengewa ngazi na sheria. Sisi Kenya, leseni ya pikipiki iko pia chini ya herufi A, lakini haina kidato cha kilowati 35. Mtu aliyejifunza kwa pikipiki ya cc 125 kwa wiki chache, akipata pesa za shamba ama za mjomba aliye ng'ambo, aweza kununua ya cc 1000 siku inayofuata na kuingia nayo barabarani. Hakuna wa kumwuliza.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Waama methali hiyo ina mafunzo yake, lakini barabarani nina shaka nayo. Wembe hukata kidole cha aliyeulilia. Pikipiki haimkati dereva peke yake. Humkata abiria aliyekuwa akienda zake sokoni, na mama anayevuka na ndoo, ambao hawakulilia chochote.

Basi kama sheria haijatujengea ngazi, tujijengee wenyewe. Kidato cha kwanza: jifunze kwa pikipiki ndogo, kwa mwalimu, si kwa binamu, mpaka klachi na breki ya mbele viwe kama kula kwa mkono. Usiguse barabara bila leseni, na ngoja umri wake. Kidato cha pili: ukitaka zaidi, chukua ya wastani kama hii niliyoieleza, kaa nayo miaka miwili, mvua na jua. Kidato cha tatu: ukitaka kubwa, jiulize kwanza ni kitu gani ile ya wastani imekushinda kukupa. Wengi wakijiuliza kwa ukweli hukosa jibu, nao hubaki na ya wastani hadi mvi. Hao ndio magwiji niliowataja.

Na kidato chochote ulichopo, helmeti iliyofungwa na koti la kumetameta, wewe na abiria wako, tena abiria mmoja. Hiyo kwetu ni sheria tayari, haihitaji kungoja Ulaya.

NENO KWA WAPENZI WA LUGHA

Kabla sijatia nanga, wanachama wenzangu mtakuwa mmegundua jambo. Klachi, gia, breki, silinda, pistoni, rejeta, tangi: maneno haya yameingia Kiswahili kwa mlango wa gereji, si wa kamusi, na yamekaa vizuri. Lakini lile joho la plastiki bado halina jina linalokubaliwa na wote. Mimi nimeliita joho, mwingine ataliita gamba, mwingine ngao. Nendeni gereji, wasikilizeni mafundi wanasemaje, kisha mtuletee. Mashindano yawe hayo mwaka ujao.

Jibu la swali langu, basi, ni ndiyo, pikipiki ya wastani isiyovaa nguo yamfaa mwanagenzi na gwiji pia. Mwanagenzi yamfaa kwa sababu humpa muda wa kukosea na kurekebisha. Gwiji yamfaa kwa sababu ameshajua kwamba muda huo ndio mali kubwa kuliko zote barabarani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukimwona dereva mzee wa pikipiki, jua naye ameundwa, kidato kwa kidato.